Kamba za Upande Mmoja

Mutembei alipochimba mashimo ya nguzo, udongo wote aliutupa upande wake. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi, nikamwona kupitia pengo la ua. Kayaba yetu ya mpakani ilikuwa imekauka pale katikati, na angeweza kuutupa udongo popote, lakini kila koleo aliligeuza na kulimwaga nyuma yake, kwenye kiwanja chake. Huyo ndiye Salesio Mutembei niliyemjua. Hata vumbi lake hakutaka limfikie jirani.

Lakini mimi sikuwa natazama udongo. Nilikuwa natazama mashimo. Yalikuwa karibu na ua kiasi kwamba mtu akisimama pale na kunyoosha fito angegonga ukuta wa chumba changu cha nyuma, na chumba hicho ndicho alicholala Gatwiri, binti yangu, aliyekuwa kidato cha nne mwaka huo. Niliacha viazi nikatoka nje. Upepo ulikuwa bado. Hapa Ruiri upepo huanza Julai, polepole, kama mgeni anayebisha hodi, na ikifika Agosti umeshaingia na kuketi.

"Muga, Baba Kiunga," nikamsalimia.

"Muga, Mama Gatwiri. Nimekusumbua na kelele?"

"Kelele gani. Unachimba choo?"

Akacheka huku akiziba mdomo kwa mkono. Jino lake la mbele lilivunjika zamani, akiwa kijana, na tangu hapo hajawahi kucheka wazi.

"Choo cha juu," akasema, akaonyesha angani. "Nasimamisha bango."

Nilimuuliza kubwa kiasi gani. Akageuka, akatazama huku na huku akitafuta cha kulinganisha, kisha akanyoosha kidole kwenye nyumba yangu.

"Kama hiyo," akasema. "Lakini juu zaidi. Mtu akitoka Isiolo alione kabla hajafika darajani."

Mimi nilizaliwa upande wa Embu, karibu na Runyenjes, kwenye chai. Niliolewa huku Ruiri, upande wa Meru, na Muthamia, nikakuta Mutembei ni jirani, na tangu siku hiyo sijamjua akiwa mtu wa makuu. Mamake alikuwa akisokota kamba za katani. Wazee wanasema ukipita kwao alfajiri ulimkuta ameketi na nyuzi pajani, na mtoto ameshika ncha ya pili ya kamba, akirudi kinyumenyume uwanjani kadiri kamba ilivyorefuka. Ndivyo alivyokua, akitembea kinyumenyume. Shule hakuenda sana. Alipokuwa kijana alizunguka kwa miguu na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa misumari mizee, ambayo aliinyoosha mwenyewe juu ya jiwe. Mtu akijenga, Mutembei alifika na mkebe wake, na akiuza misumari alibaki kuigongomea. Hakuna paa la miaka ile hapa Ruiri ambalo hakupanda juu yake.

Langu pia. Mwaka ambao Gatwiri alikuwa bado ananyonya, upepo wa Agosti uliinua mabati yangu yote ya upande wa mlimani na kuyatupa kwenye shamba la viazi la watu wengine. Muthamia alikuwa kazini mbali. Niliketi ndani nikiwa nimemfunika mtoto kwa beseni, anga ikiwa juu yetu. Kulipotulia, mtu wa kwanza kuja alikuwa Mutembei, amebeba mabati yangu kichwani, mengine yamekunjamana kama karatasi. Hakusema pole. Alipanda juu akaanza kunyoosha na kugongomea, na alipomaliza akapitisha kamba ya mamake juu ya paa lote na kuifunga kwenye mawe pande zote mbili. Kamba ile ilidumu mpaka ikaota kuvu.

Kwa hiyo nisiseme kama mtu aliyekuwa na chuki naye.

Baadaye alifungua duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara, ubavuni mwa kiwanja changu. Mkewe, Felicitas, ndiye aliyekaa kwenye kaunta, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Mutembei alikaa nyuma, kwenye kamba na seng'enge. Kibao chao kilikuwa ubao mmoja, aliouandika kwa mkono wake, herufi zikiteremka upande wa kulia. Kilitosha, kwa kuwa kila mtu alimjua. Kisha barabara ikapanuliwa, magari yakaanza kupita kwa kasi, na watu wa mjini wakaja kujenga duka kubwa kwenye njia panda, ukuta mzima umepakwa rangi nyekundu. Malori yakaanza kusimama huko. Hata watu wa hapa, waliopigiliwa mapaa na yeye, wakawa wanatoka na simiti ya kule, na wakikutana naye njiani wanasema, "Tulipita kwako, lakini hatukuona kama kumefunguliwa."

Neno hilo la kutoonekana lilimkaa. Felicitas aliniambia mumewe huvuka na kusimama ng'ambo ya barabara akilitazama duka lake, kama mtu anayetazama nyumba ya mwingine.

Bango lile lilikuwa limepita kipimo. Kaunti ina sheria yake: kwenye vituo vidogo kama chetu bango lisizidi upana fulani, wala lisipite kimo cha mapaa. Anayetaka kuzidisha lazima aombe ruhusa maalumu, na majirani waulizwe. Mutembei aliomba. Mbele ya duka angependa kulisimamisha, lakini mbele ni hifadhi ya barabara, hairuhusiwi. Upande wa pili kuna nyaya za umeme. Palibaki upande wangu.

Karatasi ikapigiliwa kwenye mlango wa duka, ikitangaza ombi na siku ya mkutano kwa chifu. Mwenye maoni alete. Niliisoma nikiwa na kikapu mkononi, nikarudi nyumbani, nikampigia Muthamia. Yeye ni mlinzi kule Embu mjini, mtaa wa Dallas, na huja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Bango limekukosea nini?" akauliza.

"Litasimama juu ya mtoto."

"Litasimama kwa Mutembei. Wewe na upepo wako. Hata hapa Dallas mvua ikinyesha unanipigia."

"Baba Gatwiri, hukuwa hapa wakati ule wa mabati."

Akasema kwa sauti ya chini, "Kama una neno, mtume mtu. Mtume Ruguru, jioni, na sukari. Usiende kusimama mbele ya watu."

Alikuwa sawa. Ndivyo tunavyofanya, Embu na Meru. Mtu akijenga, humkatazi hadharani. Unatuma mtu wa tatu, anaenda jioni, anakunywa chai, anazungumzia mifugo, na akiwa anaaga ndipo anataja lile jambo, kana kwamba amelikumbuka mlangoni. Neno la kupinga likisemwa wazi mbele ya mwenye kitu, na hasa likisemwa na mwanamke aliyezaa, linahesabiwa. Linakuwa karibu na kirumi, laana ile ambayo haihitaji dawa wala mganga, mdomo tu. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Na nilimtuma Ruguru, jirani yangu wa mbele. Alienda na sukari, akanywa chai, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nilikuta Felicitas anaonyesha watu picha ya bango kwenye simu. Ningesema nini? Mama Gatwiri, ni zuri. Lina taa."

Basi siku ya mkutano nikaenda mwenyewe, nikaketi nyuma. Kijana wa mipango kutoka kaunti aliitwa Vincent, mpole, viatu vyake vimejaa vumbi letu. Alieleza ombi, akaonyesha mchoro, akasema msingi wa zege utakuwa na kina gani. Kisha akauliza kama kuna mwenye pingamizi.

Kila mtu alitazama magoti yake. Na mimi nilijua kwamba nusu ya watu pale walikuwa wakiwaza upepo, maana niliwasikia sokoni. Mzee Mugambi, ambaye ng'ombe wake hulala nyuma ya duka, alikuwa akikuna kidevu. Hakuna aliyefungua mdomo. Vincent akasema, "Basi, kama hakuna," akaanza kukunja mchoro.

Nikasimama. Nilimsikia Ruguru akinivuta sketi. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, nianze na shukrani, nitaje paa langu na wema wa Mutembei. Lakini niliona mchoro ukikunjwa, na yaliyotoka yalikuwa haya:

"Hilo bango likianguka, litaangukia mtoto wangu."

Mtu mmoja mbele akasema "Ai!" kana kwamba amechomwa. Sketi yangu ikaachiliwa. Nikaona Mutembei akinigeukia polepole, mkono umeziba mdomo, lakini hakuwa anacheka.

Kijana Vincent hakuelewa. Yeye aliandika tu kwamba jirani anahofia usalama. Akasema anayepakana na mwombaji ana uzito wake, kwa hiyo ombi litangoja. Nikikubali, kibali kitatoka. Nisipokubali, bango lipunguzwe au liachwe. Kwake lilikuwa jambo la sahihi.

Kwa wengine wote nilikuwa nimefanya jambo ambalo halifanywi. Nilikuwa nimetaja kuanguka, na nikataja mtoto, wangu mwenyewe, kwa pumzi moja. Tukitoka, Ruguru aliniambia bila kunitazama, "Ungesema litaanguka, ungekoma hapo. Kwa nini ulilionyesha njia?"

Mimi hushona nguo za watu kwa cherehani yangu barazani, na kwa kawaida baraza langu halikosi mama mmoja au wawili. Wiki ile halikuwa na mtu. Waliopita waliharakisha. Gatwiri alirudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, ni kweli ulinitaja?" Nikamwambia ale chakula. Akasema msichana mmoja darasani alikuwa amehamisha dawati lake kutoka kando yake, si kwa ubaya, kwa hofu tu. Akacheka kidogo. Nilipomwona akicheka ndipo nilipoanza kuogopa vizuri.

Mutembei alikuja jioni moja. Hakutuma mtu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia gotini, akawa anaangalia ukuta wa chumba cha nyuma.

"Mama Gatwiri, sijakuja kugombana."

"Najua."

"Wewe sikuogopi. Lile neno ndilo naogopa. Liko pale nje. Silali. Nikifumba macho naliona likizunguka yale mashimo."

"Basi lipunguze, Baba Kiunga. Lifanye dogo. Nitakubali hata leo."

"Limeshachapishwa. Limekuja kwa vipande vitatu, jina langu limeenea vyote. Nikipunguza nakata wapi? Nikate jina la babangu?" Akageuza kofia. "Na nikiliacha, mwaka huu duka litafungwa. Felicitas hawezi kukuambia, lakini mimi nakuambia. Nitarudi kwa mkebe wa misumari, na miguu sina tena."

Nje, kuku walikuwa wakipanda mtini kulala.

"Lirudishe," akasema. "Ndilo ninaloomba. Si kwa ajili ya kaunti tu. Lirudishe, kwa ajili ya huyu mtoto."

Gatwiri alikuwa mezani na vitabu vyake, akijifanya hasikii.

Neno hurudishwa kwa baraka. Aliyelisema huenda pale alipolielekeza, mbele ya watu walewale waliolisikia, akachukua maziwa mabichi mdomoni na kuyanyunyiza, huku moyo wake ukiwa mweupe. Moyo ukiwa na kona, baraka haishiki, na neno linabaki likiwa na hasira zaidi kwa kudanganywa. Niliwaza usiku na mchana. Nikikataa, bango halitasimama, na Mutembei ataanguka mwenyewe, na neno langu litabaki hewani na jina la mtoto wangu ndani yake. Nikikubali, neno litarudi, lakini bango litasimama. Nilichagua. Yeyote aliye mama anajua nilichagua nini.

Siku ya kubariki watu walijaa. Felicitas alileta maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri. Nilipiga hatua hadi kwenye shimo la nguzo ya kwanza, nikajaza mdomo, nikanyunyiza, nikasema lisimame, lilete watu, lisiguse mtu. Shimo la pili hivyohivyo. Watu wakaitikia. Felicitas akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akapaza sauti, "Mama Gatwiri, nguo zangu zote za Krismasi ni wewe!" Wakacheka, na mimi nikacheka, nikatia sahihi, na baraza langu likajaa tena.

Bango likapanda mwezi Juni. Lilikuwa jeupe na buluu, MUTEMBEI NA MWANA, na jioni taa zake zilimwagika hadi kwangu, ukaona punje za mchele bila kuwasha kandili. Malori yakaanza kusimama. Mutembei alikuwa akivuka barabara na kulitazama, na safari hii alikaa kama mtu anayetazama nyumba yake. Mchana, kivuli cha bango kilipita juu ya paa langu, kikaingia uani, kikapanda kwenye cherehani, kikaondoka. Nilizoea kusimamisha kazi kilipofika.

Siku ya kwanza ya upepo nilimhamisha Gatwiri. Nilimwambia aje alale na mimi chumba cha mbele, kule nyuma kuna panya. Hakuuliza panya gani. Kesho yake Felicitas aliniita kutoka ng'ambo ya ua, kwa sauti ile yake.

"Mama Gatwiri! Dirisha la mtoto mbona lilikuwa giza?"

"Anasomea kwangu siku hizi."

"Ah," akasema.

Lakini dirisha lile linaonekana kutoka barabarani, na kila mtu alikuwa amezoea kuona taa ya Gatwiri akisoma. Siku mbili tatu zikapita, Ruguru akaja, akaketi, akazungumzia mbuzi wake, na alipokuwa akiaga akakumbuka jambo mlangoni. "Watu wanauliza kama yale maziwa uliyameza au uliyatema," akasema.

Nilimwelewa. Nilikuwa nimebariki kwa mdomo, na kwa kumwondoa mtoto nilikuwa nimesema tena lile neno, safari hii bila sauti.

Gatwiri ndiye aliyekata shauri. Alichukua vitabu na blanketi, akasema, "Mama, mtihani uko karibu, kwako unakoroma." Akarudi kule, akawasha taa. Nilikaa nje barazani nikitazama dirisha lile linalong'aa na bango linalong'aa juu yake, moja chini ya jingine. Upepo ulikuwa unapita kwenye nguzo na kuzifanya zilie, sauti nyembamba, kama mtu anayepuliza kwenye chupa.

Mutembei naye aliliona dirisha likiwaka. Nilijua kwa sababu asubuhi iliyofuata niliamkia sauti ya ngazi ikigonga chuma. Alikuwa juu ya bango, mzee mtu mzima, akifunga kamba. Si nailoni ya dukani. Kamba za katani, nene, za kusokotwa kwa mkono. Sijui alizihifadhi wapi miaka yote ile. Alishinda pale. Nilimshukuru Mungu, nikaendelea kushona.

Gatwiri alirudi kutoka shule, akasimama uani, mkoba begani, akitazama juu.

"Mama," akasema. "Kamba zote zinaenda kwao."

Nikatoka. Ilikuwa kweli. Kila kamba ilitoka juu ya bango na kushuka upande wa duka, ikafungwa kwenye maboriti ya paa lake mwenyewe, ikavutwa mpaka ikakaza kama waya. Upande wetu hakukuwa na hata moja.

Nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye gunia la simiti, mikono imechubuka.

"Baba Kiunga, kamba hufungwa pande zote. Paa langu ulilifunga pande zote."

"Upande wenu hakuna pa kufungia," akasema.

Nyuma ya chumba cha Gatwiri kuna mti wa mukima, mnene, aliopanda babamkwe wangu. Niliutazama, na yeye akautazama. Kisha akainuka akasema ana wateja. Hakukuwa na mteja.

Ningefanya nini? Ningepanda kuzikata? Ningesema? Nilikuwa nimeshasema mara moja. Nilifunga mdomo, na kila siku niliona zile kamba zikikazwa zaidi. Upepo ulipoongezeka alipanda akazivuta. Ulipotulia alizivuta vilevile. Felicitas alimwambia, "Mzee, unataka kulilaza?" Akajibu kwamba nyuzi za katani hulegea. Nguzo zikaanza kuinama, kidogo, ungehitaji kusimama barabarani uone, zikiinamia duka, zikitupa mgongo sisi. Mimi niliona. Usiku nililala, Mungu anisamehe, vizuri kidogo.

Ilikuwa alasiri, wiki ya tatu ya Agosti. Gatwiri alikuwa shuleni. Upepo ulikuwa umeshuka kutoka mlimani tangu asubuhi, mweupe kwa vumbi, ukilisukuma bango upande wetu, na kamba zikilishika. Mutembei alikuwa chini yake, kwenye upenyo kati ya duka na nguzo, akiongeza fundo. Kisha upepo ukageuka. Hufanya hivyo hapa, hukoma ghafla kama umesahau kitu, halafu hurudi kutoka upande mwingine. Ulipokoma, kamba zilikuwa bado zinavuta, na sasa hakukuwa na cha kuzipinga. Nilisikia chuma kikipasuka. Nilitazama juu nikaona jina lote, MUTEMBEI NA MWANA, likigeuka taratibu kunionyesha mgongo wake mtupu, na likaenda.

Halikugusa hata jani la kayaba yangu.

Walimtoa akiwa hai. Mgongo ulivunjika. Alikaa hospitali mpaka Gatwiri akamaliza mitihani, na aliporudishwa alikuja kwa kiti cha magurudumu, na hataondoka humo.

Kijana Vincent alikuja kukagua. Alizunguka msingi, akagonga zege, akapima chuma. Mimi, Felicitas na Kiunga, mwana wao mkubwa, tulisimama tukingoja. Alishika kipande cha kamba ya katani akakigeuza mkononi.

"Hizi zilifungwa na nani?"

Kiunga akainua macho kwenye maboriti ya duka.

"Msingi huu hauna kosa," akasema. "Bango lingesimama. Hizi kamba ndizo zilizoliangusha."

Felicitas alinitazama. Sikuona hasira machoni mwake, na ningependa ingekuwa hasira. Alikuwa akinitazama kama unavyotazama mbwa wa jirani aliyewahi kuuma.

Tangu hapo watu wa hapa wakitaka kujenga huja kwangu kwanza. Huleta sukari. Hawasemi wanataka nini, wanazungumzia mifugo, na mlangoni wanasema, "Tutaanza kuchimba Jumatatu, Mama Gatwiri, kama ni sawa." Nasema ni sawa. Wanangoja mpaka niseme mara ya pili.

Wiki iliyopita karatasi nyingine ilipigiliwa kwenye mlango wa duka. Ni Kiunga. Anataka kusimamisha bango jipya, kubwa kuliko la kwanza, pale pale kwenye msingi uleule usio na kosa, na ndani yake picha ya babake. Mkutano ni Ijumaa. Gatwiri yuko nyumbani akingojea barua ya chuo, bado analala chumba cha nyuma.

Jana Mutembei aliniita kutoka ng'ambo ya ua. Felicitas huwa anamweka hapo juani, kwenye pengo la kayaba. Nilienda nikachuchumaa ili tuonane.

"Umeisoma?" akauliza.

"Nimeisoma."

"Mimi siwezi kumkataza. Mimi ni babake. Nikisema hapana mbele ya watu, hilo si neno tena, ni kirumi chenyewe, na hakuna maziwa ya kukirudisha. Wewe ni jirani. La jirani linarudishwa."

"Baba Kiunga, usinitume. La kwanza hilo hapo, umelikalia."

Akacheka. Alisahau kuziba mdomo, nikaona pengo la jino kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo.

"Utasimama tu. Nakujua. Ukiona mchoro unakunjwa utasimama." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa bado mgumu kwa kamba. "Sikiza. Ukisimama, usimtaje mtoto. Wako wala wangu. Nitaje mimi. Sema likianguka litamwangukia Mutembei. Mimi nimeshaangukiwa, halitapata kazi."

Sketi ya Ijumaa nimeinyoosha, inaning'inia mlangoni. Ruguru amesema safari hii ataketi mbali nami. Upepo umeanza asubuhi ya leo, mdogo tu, na kipande cha kamba kilichobaki kwenye boriti la duka kinagonga bati, kinanyamaza, kinagonga tena.